Kaniangalie Kama Nimo

9 Novemba

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, miguu imeacha kuvimba, na yule mteja wako anayesinzia kwenye kiti hajakuangukia tena. Sisi hatujambo. Kibonge ameota jino, moja tu la chini, limesimama peke yake kama mlinzi wa geti. Baba yake bado yuko kiwanda cha mikate, akirudi nyumbani ananukia vizuri kuliko mimi. Anakusalimu sana na anasema hajasahau ulivyomcheka siku ya harusi. Mama nilizungumza naye kwa simu, goti lake linaendelea vizuri, ila analalamika kwamba humwandikii.

Najua unaisoma barua hii kwa sauti hapo saluni, kwa hiyo nawasalimu wote: aliyekalia kiti, walio kwenye benchi, na yule anayesimama mlangoni siku zote akisema yeye anapita tu.

Sasa habari yenyewe. Juzi nilikuwa kituoni nasubiri gari, Kibonge mgongoni, nikainua macho nikaona bango la filamu limebandikwa ukuta mzima. Mwanamke amekaa kiubavu, nywele zimesukwa mistari inayozunguka nyuma ya sikio na kwenda kukutana kisogoni. Mama mdogo, mistari ile ninaijua, nimeibeba kichwani utoto wangu wote. Nikamwambia mama aliyesimama karibu yangu kwamba nywele hizi amezisuka mama yangu mdogo. Akaangalia bango, halafu akaangalia nywele zangu mimi. Nilikuwa sijachana tangu jana yake.

Ni filamu yako. Ile waliyokuja kuipiga kwako wale watu wa nyaya na taa. Chini ya bango wameandika kwamba imeteuliwa kuwania tuzo, na itaonyeshwa hapa mpaka msimu wa tuzo uishe. Nikaenda jumba la sinema kuuliza, ingawa nilijua tiketi si za watu kama sisi. Dada wa dirisha la tiketi ni mcheshi, wote wanamwita Bisi kwa sababu zamani alikuwa upande wa kuuza bisi. Akaniambia nisiogope, huu ndio msimu wa watu wasio na kitu. Filamu zinazowania tuzo zinarudishwa asubuhi kwa nusu bei. Maktaba wanaonyesha filamu fupi bure kila Jumamosi, na walioziongoza wanakuja kuulizwa maswali. Na Jumatano kuna onyesho la akina mama wenye watoto wachanga: taa hazizimwi zote, sauti wanaipunguza, na mtoto akilia hakuna wa kukukata jicho.

Nimeshaanza na maktaba. Nimeona filamu fupi ya mzee anayetengeneza miavuli, basi, haina lingine, na nimelia. Aliyeiongoza ni msichana mdogo kuliko mimi. Alipokuwa akijibu maswali, mzee wa miavuli mwenyewe alikuwa amekaa mstari wa mbele na mwavuli wake. Nilirudi nyumbani natembea taratibu ili isiishe upesi.

Filamu yako ikifika zamu yake ya Jumatano nitakwenda. Niambie nikuangalie wapi.

Mwanao,
Kipilipili

2 Desemba

Kipilipili mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilikuta benchi limejaa, nikaisoma mara mbili, ya pili kwa ajili ya aliyechelewa. Yule anayepita tu amerudisha salamu na bado hajapita. Mwambie mumeo nilimcheka kwa sababu suti ilikuwa ya mtu mwingine na ilijulikana. Dada yangu mwambie nitamwandikia akijibu ile ya mwaka jana. Miguu inavimba, lakini tumezoeana.

Umeuliza uniangalie wapi. Mwanangu, walikuja wakasogeza mabenchi yote, wakaning'iniza kitambaa cheusi dirishani, mwigizaji akakaa kwenye kiti changu kilekile chenye mguu uliofungwa waya, na mimi nikasuka tangu asubuhi mpaka wakatosheka. Nilivaa gauni la bluu. Nikamuuliza mwongozaji nijifanye nani. Akasema usijifanye mtu, suka. Basi nikasuka.

Tangu siku hiyo mji mzima unajua nimo kwenye filamu. Sikutangaza mimi, walitangaza wateja, mimi nilisaidia kidogo. Isipokuwa msusi wa mlango wa kijani, yule tunayetazamana naye barabara katikati. Huyo anasema walikodi viti vyangu tu. Anasema watu wa filamu hukata vipande vingi wakavitupa, kama sisi tunavyokata ncha za rasta, na kwamba mimi nimefagiwa zamani. Anawaambia wateja wangu. Baadhi wameanza kuniuliza habari za filamu kwa ile sauti ya kutoa pole.

Hapa sinema hakuna, unajua. Macho yangu ni wewe. Kaniangalie kama nimo, na nimetokea vipi. Usinipambe. Kama gauni lilinibana, sema limebana.

Mama yako mdogo

11 Januari

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya kwako na kwa benchi lote. Samahani nimechelewa. Kibonge ameanza kutambaa, na akitambaa anakwenda kinyumenyume, kwa hiyo kila kitu anachokitaka anakikimbia, halafu analia kwamba kimemkimbia yeye. Baba yake amewekwa kwenye kupakia magari, mgongo unamuuma lakini hasemi, namjua tu akiinama kuvua viatu. Jirani yetu anayeshona sare za shule amepata mjukuu.

Filamu yako nimekwenda. Niliamka nikavaa kama naenda kwa wakwe. Ukiingia mlangoni kuna zulia jekundu, si lile la sherehe, ni lao la kila siku, limechakaa katikati, lakini ukilikanyaga unatembea tofauti. Bisi alinipa kiti cha pembeni karibu na mlango, akasema kwa mwenye mtoto hicho ndicho kiti cha mgeni rasmi. Tulikuwa akina mama wengi, mbeleko za kila rangi, chupa za maziwa zimesimama kwenye yale matundu ya kuwekea soda. Filamu ilipoanza watoto wote wakanyamaza kwa pamoja wakaangalia ule mwanga. Ungewaona, mama mdogo. Midomo wazi, na wangu na jino lake moja.

Ni habari ya mwanamke anayepima mizigo ghalani. Anapima magunia ya watu, anautaja uzito kwa sauti, na bosi wake anamtaka adanganye kwenye mizani. Yeye hataki. Ni hilo tu, lakini yule mwigizaji akinyamaza unasikia anachofikiri. Kuna mahali anakula chungwa amesimama dirishani, hasemi neno, na jumba zima tukanyamaza naye mpaka likaisha. Mwisho anatoka ghalani kichwa kimeinuka, mistari yako kisogoni, kamera inamfuata nyuma mpaka barabarani. Nilijivuna nikataka kumgusa bega aliyekaa mbele yangu nimwambie.

Halafu yanapanda majina. Sikuwahi kujua filamu moja inataka watu wengi namna ile, kuna wa taa, kuna wa viatu, kuna wa kuwapikia wenzake. Yalipita mbio, sikudaka hata moja, lakini nilikaa mpaka la mwisho kwa heshima, na mfagiaji akanisubiri.

Filamu ni nzuri sana. Wasalimie wote.

Mwanao,
Kipilipili

26 Januari

Kipilipili,

Marahaba. Mtoto mwache atambae anavyotaka, hata wewe ulikwenda kinyumenyume na leo unaandika barua. Mumeo mpake mafuta ya moto mgongoni, akikataa mpake akiwa amelala. Mpe hongera jirani. Mimi sijambo.

Nimeisoma barua yako saluni. Zulia wamelipenda. Chungwa wamelipenda zaidi, kuna aliyekwenda kununua. Nilipofika mwisho mke wa fundi baiskeli, ambaye ndiye aliyekuwa kwenye kiti, akauliza, "Na wewe je?" Nikasema kuna ukurasa umelowa njiani. Nilimsuka kwa nguvu kidogo.

Umenieleza Bisi na mbeleko na mfagiaji. Mimi sikujiona. Gauni la bluu sikuliona. Umenitembeza nyumba nzima ukaruka chumba kimoja, sasa kuna nini humo? Kama wamenikata niambie, mimi ni mtu mzima, nimezika mume. Wa mlango wa kijani siku hizi ananisalimia kwa upole, na hilo ndilo silipendi.

Mama yako mdogo

13 Februari

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Mgongo wa baba Kibonge unaendelea vizuri kwa mafuta yako, alipakwa akiwa amelala kama ulivyosema, akaamka anauliza nani amemwaga chakula kitandani. Kibonge hajambo, na habari ya Kibonge ndiyo hiyohiyo niliyoshindwa kukuandikia.

Saluni yako ilipotokea kwenye skrini niliona mlango. Niliona kalenda ya sabuni ukutani, niliona ule mguu wa kiti wenye waya, moyo ukanipanda, na hapohapo Kibonge akafanya kile alichokuwa amekikataa tangu wiki ianze. Nepi haikutosha. Wala mbeleko. Nilikimbia nje. Nikawa koridoni namfuta mtoto na karatasi za msalani, nasikia watu ndani wanacheka kidogo, sijui wanacheka nini. Niliporudi mwanamke alikuwa ghalani, ameshasukwa. Kwa hiyo sijui kama umo, mama mdogo. Ningeliandikaje jambo hilo, nikijua linasomwa mbele ya benchi zima? Nikaandika zulia.

Tiketi ya pili sikuwa na uwezo nayo. Lakini Bisi aliponiona nimejiinamia akaniambia kuna njia nyingine. Siku moja kabla ya sherehe ya tuzo wanafanya mazoezi, na wanataka watu wa kukaa vitini ili wapiga kamera wajue pa kuelekeza. Hulipwi, unapewa soda na pasi ya kuona filamu unayotaka wiki ya mwisho. Nilikwenda na mtoto. Kila kiti kina picha ya mtu maarufu kwenye kadibodi, ukikaa hapo unakuwa yeye. Mimi nikapewa kiti cha mwigizaji wako. Nikakaa nimempakata Kibonge, na Kibonge amempakata mwigizaji, anamlamba paji la uso.

Mshereheshaji akasema na mshindi ni fulani, akalitaja jina la mwigizaji wako. Kwenye mazoezi wanataja yeyote. Jirani yangu, muuza maua aliyekuwa amekalia kiti cha mzee mmoja mashuhuri, akanisukuma, wewe huyo, inuka. Nikapanda jukwaani na ndala, mtoto mgongoni, taa zote usoni, nikakabidhiwa chupa ya maji ndiyo tuzo. Msimamizi akaninong'oneza niseme chochote, wanapima kipaza sauti. Nikasema namshukuru mama yangu mdogo aliyenisuka. Mafundi wakapiga makofi. Labda makofi nayo walikuwa wanayapima, lakini mimi niliyachukua.

Sherehe yenyewe tuliiona maktaba, bure, tumekaa chini na watoto wamelala mapajani. Mwigizaji wako hakushinda. Maktaba nzima tulihuzunika. Lakini kamera ilipomwendea alikuwa anampigia mwenzake makofi kwa moyo, anacheka kabisa, na mimi nikampenda zaidi kuliko angeshinda.

Pasi ninayo mkononi. Alhamisi baba Kibonge anapumzika, atabaki na mtoto, nami nitakaa kiti cha katikati nisitoke hata jumba likiungua. Nitakuandikia Ijumaa.

Mwanao,
Kipilipili

4 Machi

Kipilipili,

Hamjambo? Mimi sijambo, saluni haijambo, mke wa fundi baiskeli anasema nywele zake zimeshikilia vizuri kupita kiasi.

Ile ya nepi waliicheka mpaka nikasimamisha kazi. Sasa hawaulizi tena kama nimo, wanauliza Ijumaa ni lini. Ijumaa zimepita.

Mama yako mdogo

12 Machi

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Barua hii naomba uisome peke yako, kabla hujafungua mlango wa saluni. Sote wazima. Kibonge sasa anakwenda mbele, alianza ghafla akagonga kabati.

Nilikwenda ile Alhamisi. Nilikaa katikati, mikono mitupu, sijui niiweke wapi kwa kuwa nimezoea kubeba. Taa wakazima zote. Saluni yako ilipokaribia nilishika kiti kama mtu aliye kwenye ndege. Ukaja mlango, ikaja kalenda, halafu ikaja mikono yako.

Mama mdogo, ni mikubwa kuliko nyumba yetu. Skrini yote ni mikono yako. Unagawa nywele kwa ukucha wa kidole kidogo. Unachota mafuta uliyoyaweka mgongoni mwa mkono. Kidole gumba kinapita chini ya nywele kama kinatafuta kitu, na kila kikienda kinakipata. Hawakuweka muziki. Jumba lilitulia, hata waliokuwa wanakula bisi wakaacha kutafuna. Baba mmoja nyuma yangu alimwambia mkewe polepole atazame mikono ile, na mkewe akamjibu anyamaze, anaitazama. Nilitamani kuwaambia ni ya kwetu.

Halafu sijui ilikuwaje, nilipotulia mwigizaji alikuwa ameshainuka kitini anafunga kitambaa, na saluni imekwisha. Nikasubiri labda utarudi mbele ya safari. Hukurudi. Gauni la bluu sikuliona. Uso wako sikuuona. Ni mikono tu.

Nimekaa siku zote hizi natafuta namna nzuri ya kulisema hili, na sijaipata. Kilichopo ni hiki: msimu huu nimeona filamu nyingi kuliko maisha yangu yote, na watu wazuri, na nguo, na miji ya watu, na sijaona kitu kilichonishika kama mikono yako. Na nisingekuwa mwanao kingenishika vilevile.

Usiwe na hasira nami.

Kipilipili

30 Machi

Kipilipili,

Marahaba. Barua nimeipata. Hapa ni mvua, bati linavuja upande wa benchi. Mbusu Kibonge pale alipogonga.

Asante kwa kunieleza mikono.

Mama yako mdogo

17 Mei

Mwanangu Kipilipili,

Leo sikusubiri shikamoo yako, naanza mimi. Sote wazima, bati limezibwa, dada yangu amejibu hatimaye na nimemwandikia siku hiyohiyo. Miguu imevimba kuliko kawaida na utajua kwa nini.

Barua yako ya Machi sikumsomea mtu. Saluni nilisema huandiki kwa sababu unaumwa jino. Nisamehe, nilikosa ugonjwa mwingine. Nikafikiri hivi, nitanyamaza, na wao polepole watasahau.

Wiki mbili hizi likaja tangazo kwamba filamu zilizowania tuzo zinazungushwa miji midogo, bure kwa kila mtu, projekta juu ya meza, ukumbi wa shule, mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Na filamu ya kwanza ni yetu. Nilipanga niumwe. Wateja wakaja kunichukua nyumbani wamevaa vizuri, kila mmoja na mistari mipya, na kila mstari nimeusuka mimi wiki hiyohiyo. Nikakaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Mbele yangu visogo vyao safu kwa safu. Wa mlango wa kijani naye alikuwepo, kakaa katikati, kajipaka manukato yanafika mpaka kwangu.

Mlango wetu ulipotokea walishangilia. Ikaja mikono, wakatulia kama ulivyosema. Kwa kweli, mwanangu, hata mimi nilisahau kuogopa, sijawahi kuiona mikono yangu ikiwa mbali nami namna ile. Halafu nikakumbuka kwamba baada ya hapo hakuna kitu, nikasimama nitoke kabla hawajaanza kunitafuta kwa macho.

Sasa, mimi nikisuka simwambii mtu ageuke. Mdomo una pini, nitasemaje? Nachukua mkia wa kitana namgonga juu ya sikio, ko, ko, na yeye anageuka. Sijawahi kulifikiria jambo hilo. Nimewagonga hivyo watu wa mji huu tangu wakiwa wanakalishwa juu ya mto ili wanifikie. Basi kwenye filamu ikaja sauti ile, kwenye spika kubwa. Ko, ko. Na ukumbi wote, Kipilipili, wateja wangu wote, safu kwa safu, wakageuza vichwa kushoto kama askari kwenye gwaride. Hakuna aliyejua kwamba amegeuka.

Kwenye skrini mwigizaji naye akageuka. Kichwa chake kilipopisha, nyuma yake kuna kioo, na kwenye kioo nipo. Mzima, gauni la bluu, pini mdomoni, nimekunja uso namkagua kama ninavyowakagua wote. Nikakaa hapo muda wa mtu kumeza mate. Wao muda huo wanaangalia mablanketi. Waliporudisha vichwa, mwigizaji anafunga kitambaa, saluni imekwisha.

Wakaanza kunong'ona. Mke wa fundi baiskeli akasema kwa huzuni kwamba kumbe ni mikono tu. Mimi nimesimama mlangoni. Niseme nini? Kwamba nilikuwepo mlipokuwa mnaangalia pembeni? Hata mimi nisingejiamini.

Akasimama wa mlango wa kijani. Kichwa chake sijawahi kukigusa, yeye husukwa na mdogo wake. Nikajua sasa nimekwisha. Akasema, "Nyinyi mnageuka nini? Yumo. Nimemwona kwenye kioo, na gauni limemkaa vizuri." Kisha akaketi kama mtu aliyemeza dawa chungu.

Ukumbi ukalipuka. Wakamwamuru mwenye projekta arudishe nyuma. Akarudisha. Ko, ko, wakageuka tena. Mwenye projekta alicheka mpaka akaishika meza. Mara ya tatu mke wa fundi baiskeli akasema kila mtu amshike jirani yake kichwa. Wakashikana, masikio, mashavu, wengine kwa mikono miwili, na yule anayepita tu akashikwa na watu wawili. Ko, ko. Shingo zikavuta, mikono ikakaza, na wakaniona.

Mimi mara hiyo sikuangalia skrini. Nilikuwa nimesogea mbele kando ya ukuta, nikawaangalia wao. Kazi yangu ni visogo, mwanangu, watu hawa nawajua kwa nyuma. Siku ile niliwaona nyuso, zote pamoja, zimeshikiliwa, mwanga unacheza juu yake.

Tangu hapo nasimama kutwa, foleni inatoka mpaka barabarani, ndiyo maana ya miguu. Jana alikuja wa mlango wa kijani akakaa kwenye kiti. Nami nikasuka. Nilipomgonga hakugeuka, akauliza nini tena. Huyo nitaanza naye mwanzo.

Sasa wewe. Umeniandikia kwamba hujui ilikuwaje. Mimi najua ilikuwaje, shingo hiyo nimeifundisha mwenyewe. Filamu ikirudi hapo kwenu kwa nusu bei, nenda tena. Kibonge mwachie jirani mshona sare. Umchukue baba Kibonge, akae karibu yako, na mlango wangu ukitokea tu, akushike kichwa.

Mama yako mdogo